Komeo la Kupapasa: Elementi Moja kati ya 30

Tarehe 3 Februari 2021, muda mfupi baada ya saa 3 asubuhi, kinu cha nyuklia cha utafiti kilichoko Gaithersburg, jimbo la Maryland nchini Marekani, kilijizima chenyewe. Waendeshaji walikuwa wamekiwasha asubuhi hiyohiyo baada ya mapumziko ya kubadilisha fueli, na nguvu ilikuwa bado inapanda kuelekea kiwango chake cha kawaida. Ghafla vipimo vinavyonusa hewa inayotoka kwenye dohani vikaonyesha mionzi isiyopaswa kuwapo. Kinu kikazima, milango ya hewa ya jengo ikajifunga, na tangazo la hali ya tahadhari likatolewa. Katika ngazi nne za dharura zinazotumiwa kule, hiyo ni ya pili kutoka chini.

Hakuna pampu iliyokuwa imekufa. Umeme ulikuwapo, maji yalikuwa yanazunguka, na mikono ya kudhibiti, ile inayopunguza au kuongeza nguvu ya kinu, ilikuwa inatii amri. Kilichoharibika asubuhi ile kilikuwa kimeshaharibika tangu tarehe 4 Januari, siku fueli ilipobadilishwa. Elementi moja, yaani furushi la mabamba ya fueli, kati ya 30 zilizomo ndani ya kinu ilikuwa imekaa mahali pake bila kukomewa.

Kisa hiki nimekichagua kwa sababu kimeandikwa hadharani kwa kina, na wenye kinu pamoja na mdhibiti wao, na kwa sababu hakina jambo lolote la ajabu ndani yake. Hakuna tetemeko wala mlipuko, na hakuna mtu aliyejaribu jambo la kijinga. Kuna komeo, zana ndefu, mkono wa mtu, na karatasi ya taratibu za kazi iliyoandika jambo gumu kwa maneno mepesi.

Kinu chenyewe

Kinu hicho ni cha Taasisi ya Taifa ya Viwango na Teknolojia, NIST, na kwa kifupi huitwa NBSR. Kiliwashwa mara ya kwanza mwaka 1967. Nguvu yake ni megawati 20, ambazo kwa mtu aliyezoea habari za vinu vya umeme ni kiasi kidogo, kwa kuwa kinu cha kuzalisha umeme hutoa joto la megawati 3,000 hivi. Lakini NBSR hakizalishi umeme. Bidhaa yake ni nyutroni, chembe ndogo zinazorushwa atomu za urani zinapopasuka. Mirija inazitoa katikati ya kinu hadi kwenye vifaa vya watafiti wanaochunguza mpangilio wa atomu ndani ya vyuma, plastiki, protini, betri na vitu vingine vingi. Kinu cha namna hii kikisimama, wanaoumia ni watafiti wenye foleni ndefu ya vipimo, na si mji kukosa taa.

Kinapoozwa kwa maji mazito, yaani maji ambayo haidrojeni yake ni ya aina nzito iitwayo deuteri. Ndani ya tangi la alumini kuna elementi 30 za fueli, zimesimama wima. Kila elementi ina urefu unaokaribia mita 1.75 na imejengwa kwa mabamba membamba yaliyopinda kidogo, urani ikiwa imefunikwa ndani ya alumini. Elementi ina ufundi wake: fueli iko juu na chini, na katikati kuna pengo la sentimita 18 hivi lisilo na urani kabisa. Mirija ya nyutroni inatazama pengo hilo, ili ichukue nyutroni nyingi zilizokwisha kupoa na isichukue zile za kasi na mionzi mingine inayovuruga vipimo. Ni usanifu wa watu waliofikiri sana.

Sasa hesabu ndogo. Megawati 20 ukizigawa kwa elementi 30 unapata takriban kilowati 670 kwa kila moja. Hilo ni joto la majiko ya umeme zaidi ya 300, kila moja la kilowati 2, limebanwa ndani ya kitu mtu angeweza kukikumbatia kwa mikono miwili. Joto hilo lote linaondolewa na maji yanayopita katikati ya mabamba. Maji yakipungua kwa elementi moja, hiyo moja iko mashakani hata kama jirani zake 29 wanaoga vizuri.

Na maji yanapita yakienda juu. Hapo ndipo kisa kinapoanzia. Chini ya kila elementi kuna mdomo uliochongoka unaoingia kwenye tundu la bamba la chini linalozibeba elementi, na pampu zinasukuma maji mazito kupitia mdomo huo, yapande katikati ya mabamba ya fueli, yatokee juu. Maji yanayopanda kwa nguvu hiyo yanaisukuma elementi nayo ipande. Uzito wake peke yake hautoshi kuizuia. Ndiyo maana kichwani ina komeo: kipande cha chuma kinachozungushwa na kuingia kwenye mkato wa bamba la juu, kikishikiliwa na springi. Komeo likiingia, elementi haiendi popote. Lisipoingia, au likiingia nusu, elementi itakaa kwa utulivu pampu zikiwa zimezimwa, kisha pampu zikiwashwa itainuka.

Kufunga usichokiona

Kinu hiki huendeshwa kwa mizunguko ya siku 38 hivi, kisha huzimwa ili fueli ibadilishwe. Kila mara elementi 4 zilizochakaa hutolewa, 4 mpya huingizwa, na 26 zilizobaki huhamishwa kutoka nafasi moja kwenda nyingine, ili kila moja itumike sawasawa kabla ya kutoka. Kwa hiyo kila mapumziko yanakuja na makomeo 30 ya kufungua na 30 ya kufunga. Zidisha kwa miaka zaidi ya 50, uone ni mara ngapi kazi hiyo ilifanyika salama. Nitarudi kwenye hesabu hiyo, maana ndani yake kuna mtego.

Mtu anayefunga komeo halioni. Tangi halifunuliwi. Mwendeshaji anasimama juu kabisa, akiwa na kinga nzito ya mionzi chini ya miguu yake, na anafanya kazi kwa zana ndefu iliyopenya kwenye tundu mahsusi la nafasi ile. Ncha ya zana inashika kichwa cha elementi. Anabonyeza kwenda chini, springi inakubali, anazungusha, komeo linapaswa kuingia kwenye mkato, kisha anaachia na springi inalipandisha likae. Anachokijua ni kile mkono wake unachoambiwa na chuma: mgoto wa kufika mwisho, ukinzani wa springi, na alama za zana zinazoonyesha imezunguka kiasi gani na iko kwenye kimo gani.

Ni kama kutia ufunguo kwenye kufuli usiku bila taa. Mkono uliozoea unajua. Mkono mgeni unadhani. Na kwa anayetazama pembeni, mikono yote miwili inafanana.

Hatari ya elementi kuachwa bila kukomewa haikuwa ngeni hata kidogo. Ilikuwa imeandikwa ndani ya leseni. Masharti ya kiufundi ya kinu yalisema kwamba fueli ikishaguswa, kinu kisiendeshwe mpaka elementi zilizoguswa zikaguliwe na kuthibitika zimefungwa mahali pake. Njia za ukaguzi zilikuwa tatu, na mojawapo ilitosha. Ya kwanza ni kupima kimo cha kichwa cha elementi huku pampu kuu zikisukuma maji, kwa kuwa isiyofungwa itakuwa imeinuka. Ya pili ni kujaribu kuzungusha kichwa kwa zana, kuelekea upande wa kufungia tu. Ya tatu ni kulitazama komeo kwa macho.

Soma tena njia ya pili. Maneno "upande wa kufungia tu" yanaonekana madogo, lakini kila mfunga kufuli anayaelewa. Ukikagua kufuli kwa kuzungusha ufunguo upande usiofaa, wewe mwenyewe ndiye uliyelifungua. Kipimo hiki hakiko mbali na kitu kinachopimwa. Zana ileile inayofunga ndiyo inayokagua, na ndiyo inayoweza kufungua, na tofauti kati ya matendo hayo matatu ni nyuzi kadhaa za mzunguko mikononi mwa mtu asiyeona ncha ya zana yake. Hata kuitoa zana baada ya ukaguzi ni tendo linaloligusa komeo lililokwisha kuthibitishwa.

Mimi ningekuwa mtunga masharti, njia hii ningeiruhusu, lakini si peke yake. Najua ni rahisi kusema hivyo leo.

Kwa nini vyombo havikuona

Swali la kwanza ambalo mtu wa nje huuliza ni hili: chumba cha udhibiti kimejaa vipimo, iliwezekanaje elementi ikae bila maji ya kutosha na mita zisiseme wazi?

Jibu ni kwamba mita zinatazama jumla. Kuna kipimo cha maji yote yanayoingia, joto la maji yanapoingia na yanapotoka, shinikizo, na nguvu ya kinu kizima kwa kuhesabu nyutroni. Elementi inapoinuka, mdomo wake unaachana na tundu, na maji yaliyokuwa yapite ndani yake yanapita pembeni. Maji hayajapungua, yamebadili njia. Mita ya jumla inasoma kama kawaida. Ni sawa na bomba kuu la nyumba: mita ya mlangoni haikuambii ni chumba gani kimepasukiwa.

Kwa vinu vya utafiti jambo hili lina historia. Mwaka 1961, katika kinu cha majaribio ETR kule Idaho, Marekani, kisanduku cha plastiki kilichotumiwa kuchungulia ndani ya maji kilisahaulika kwenye tangi, maji yakakibeba hadi juu ya fueli, na elementi kadhaa zikayeyuka kwa sehemu. Mwaka 1963, katika kinu cha utafiti cha Oak Ridge, jimbo la Tennessee, kipande cha mpira wa kuzibia kiliziba njia ya maji ya elementi moja nacho kikaleta kuyeyuka. Mara zote mbili kinu kizima kilikuwa na maji tele. Vinu hivi havifi kwa kiu ya tangi zima. Mtu anayeogopa pampu kukatika anaogopa jambo la kweli, lakini kumbukumbu za kazi hii zinaonyesha kwamba adui wa mara kwa mara ni kitu kidogo mahali pamoja: kisanduku, mpira, komeo.

Kwa hiyo chombo kilichokizima kinu kwa ajili ya elementi ile kilikuwa pua ya dohani, na pua hunusa kitu kikishaungua. Alumini ya fueli ilipoyeyuka, gesi zilizokuwa zimefungiwa ndani yake, kama kriptoni na zenoni, zilitoka kwenye maji mazito, zikaingia kwenye gesi ya heliamu inayokaa juu yake, na kutoka hapo kwenye mfumo wa hewa. Kipimo kikafanya kazi yake sawasawa, na kinu kikazimika bila kungoja mtu. Huo ndio ulinzi uliofanikiwa siku ile na unastahili kusifiwa, maana bila huo kisa kingekuwa kirefu zaidi. Lakini tuseme ukweli: kengele iliyolia ni ya moto. Ya moshi haikuwapo.

Wafanyakazi kadhaa waliokuwa jengoni walikutwa na chembe za mionzi kwenye nguo na miili, wakasafishwa na kurudi nyumbani. Dozi zao zilikuwa chini ya kikomo cha mwaka kinachoruhusiwa kwa wafanyakazi wa mionzi. Kwa aliyekuwa kwenye uzio wa eneo, Tume ya Kudhibiti Nyuklia ya Marekani, NRC, ilikadiria dozi isiyofika milirem 0.5, kiasi ambacho mwili hupokea kutoka kwenye mazingira ya kawaida kwa siku moja hivi. Jioni ya siku hiyohiyo hali ya tahadhari iliondolewa. Kwa afya ya umma, habari iliishia hapo. Kwa kinu, ndiyo kwanza ilikuwa inaanza.

Nyuzi 450

Leseni ya kinu hiki ina mstari mmoja usiovukwa: ganda la alumini la fueli lisizidi nyuzi 450 za Selsiasi. Limewekwa hapo kwa sababu juu ya kiwango hicho ganda linaanza kuvimba malengelenge na kuachia kilichomo. Alumini yenyewe inayeyuka inapokaribia nyuzi 660. Wachunguzi walipopata ushahidi wa fueli iliyoyeyuka, hapakuwa na haja ya kubishana kama mstari umevukwa. Mwezi Machi 2021 NIST iliwaarifu wadhibiti rasmi kwamba kikomo cha usalama kilikuwa kimepitwa.

Kisheria hatua hiyo ni nzito. Kinu kinapovuka kikomo cha usalama, mwenye kinu hapangi tena mwenyewe ni lini kiwashwe. Lazima mdhibiti aridhike na aidhinishe. Kamera ziliposhushwa tangini zilionyesha mabaki yaliyoyeyuka na kuganda, mengine yakiwa yameanguka kwenye bamba la chini, pale ambapo mdomo wa elementi ulipaswa kukaa. Ikabidi kuyatoa mabaki, kuyasafisha maji mazito na mabomba yake, na wakati huohuo kujibu swali la kwa nini.

Majibu ya kwa nini

Uchunguzi wa ndani wa NIST ulitaja visababishi vya msingi 7. Sitavitendea haki sawa, kwa kuwa havina uzito sawa. Usimamizi wa mabadiliko ulikuwa dhaifu, vifaa vya kuthibitishia komeo havikutosha, na uongozi haukusimamia ipasavyo nani anapangwa kwenye kazi ya fueli. Yote ni kweli na yote yanasomeka kama ripoti nyingine yoyote. Vitatu vinahitaji kukaliwa.

Cha kwanza ni mafunzo. Kinu hiki kilikuwa na waendeshaji wa miaka mingi, watu ambao mikono yao ilikuwa imefunga makomeo kwa maelfu. Miaka iliyotangulia tukio, wengi wao walikuwa wamestaafu au kuondoka, na wapya wakaingia. Programu ya kufundisha na kuthibitisha ujuzi haikwenda na kasi hiyo. Mtu alifundishwa na aliyekuwapo, kwa namna ya aliyekuwapo, na aliyekuwapo mwenyewe huenda hakuwa na miaka mingi zaidi yake. Hakuna siku hata moja ambayo kinu kilipoteza ujuzi. Uliondoka mfukoni mwa kila mstaafu, kidogo kidogo, huku idadi ya watu kwenye zamu ikibaki ileile kwenye karatasi.

Hapo ndipo mtego wa ile hesabu ya miaka 50. Rekodi ndefu ya usalama inasomwa kana kwamba ni mali ya kinu. Lakini kwa kazi ya mkono kama hii, rekodi ni ya mikono iliyoifanya. Mikono ikibadilika, hesabu inaanza upya hata kama jengo ni lilelile.

Cha pili ni taratibu zilizoandikwa. Uchunguzi ulisema hazikubeba hatua zinazohitajika ili kuhakikisha elementi zimefungwa. Tulia kwenye sentensi hiyo. Taratibu zilikuwapo. Ziliwaambia waendeshaji wafunge na wakague. Kwa mzee wa kazi, "kagua kwa kuzungusha" ni maneno matatu yenye sura nzima ndani yake: simama hivi, bonyeza mpaka hapa, usikilize mgoto, soma alama, achia polepole, toa zana wima bila kuigusisha. Kwa mgeni, ni maneno matatu. Mwandishi wa taratibu aliyeandika kwa ajili ya wenzake wanaojua hakuandika uongo, aliacha tu kuandika kile ambacho kila mtu karibu naye alikuwa anakijua. Siku wenzake walipoondoka, karatasi haikubadilika hata nukta, lakini ilikuwa imekuwa karatasi nyingine.

Nimewahi kusikia wahandisi wakisema dawa ni kuandika kila kitu. Siamini sana. Taratibu yenye kurasa 40 kwa kazi ya nusu saa husomwa mara ya kwanza na kusainiwa mara nyingine zote. Kinachosaidia ni kuandika kipimo mahali palipokuwa na neno "hakikisha". Neno hilo ni la hatari kwenye karatasi za kazi. Linamtaka mtu awe na uhakika bila kumwambia uhakika unaonekanaje. "Alama nyekundu ya zana iwe sawa na ukingo wa bamba, mtu wa pili aisome bila kuambiwa jibu" ni sentensi mbaya kwa masikio, lakini inaweza kufanyika vizuri au vibaya, na tofauti ikaonekana.

Cha tatu walikiita kwa jina lake: utamaduni wa kubweteka. Kufuata taratibu hakukusimamiwa, na timu ilikuwa imezoea kwamba mambo huwa sawa. Kuna watakaosoma neno kubweteka kama tusi kwa waendeshaji. Mimi naona linahusu zaidi walio juu yao. Mwendeshaji aliyebweteka unaweza kumkuta kwenye zamu moja. Kubweteka kulikoenea hadi ukaguzi ukawa desturi ni kazi ya mfumo: mtu anakagua, hakuna anayemkagua jinsi anavyokagua, matokeo huwa mazuri, na kila matokeo mazuri yanathibitisha kwamba hapakuwa na haja ya kuuliza.

Ndiyo maana siwezi kukubali muhtasari niliousikia mara kadhaa kuhusu kisa hiki, kwamba "mwendeshaji alisahau kufunga." Hakuna aliyesahau. Elementi ilishughulikiwa na ukaguzi ulifanyika, na waliokagua waliondoka wakiamini. Kusahau ni kosa rahisi, unaliponya kwa orodha ya kuweka alama. Hapa alama iliwekwa. Kilichokosekana ni uhusiano kati ya alama ile na hali halisi ya kipande cha chuma kilicho chini gizani, na orodha haiwezi kuponya hilo, hata ikiwa na saini mbili. Saini mbili za watu wawili waliopapasa kitu kilekile kwa zana ileile ni kupapasa kumoja kulikoandikwa mara mbili.

Kilichobadilishwa

NIST iliomba ruhusa ya kukiwasha tena Oktoba 2021. NRC haikuharakisha. Agosti 2022 ilitoa amri rasmi yenye orodha ndefu ya mambo ambayo mwenye kinu alikubali kuyatekeleza, kuanzia utamaduni wa usalama na mafunzo hadi tathmini kutoka kwa watu wa nje. Ruhusa ilikuja Machi 2023, zaidi ya miaka miwili baada ya asubuhi ile.

Katika yote yaliyobadilishwa, ninalolithamini zaidi ni dogo kuliko yote: komeo sasa linatazamwa. Kamera inashushwa kwenye kila nafasi na komeo linaonekana likiwa ndani ya mkato, au halionekani. Ile njia ya tatu, iliyokuwa moja ya machaguo, imekuwa ya lazima pamoja na ukaguzi wa kuzungusha. Zana na taratibu za kuzitumia zilirekebishwa, na waendeshaji wanafundishwa na kupimwa kwa kazi hiyo mahsusi kabla ya kupangwa nayo.

Faida ya kamera haiko kwenye ubora wa picha. Iko kwenye kwamba jicho halitumii njia ya mkono. Makosa yanayoweza kuipotosha zana hayawezi kuipotosha picha. Picha ina kosa lake, inaweza kuwa na kivuli au kupigwa kwenye nafasi isiyo yake, lakini makosa hayo mawili hayana sababu ya kutokea pamoja kwenye elementi moja. Hapo ndipo ukaguzi wa pili unapokuwa wa pili kweli. Na picha inabaki. Wiki tatu baadaye, kabla pampu hazijawashwa, msimamizi ambaye hakuwa kwenye zamu ile anaweza kuifungua na kuangalia mwenyewe, jambo ambalo hawezi kulifanya kwa hisia za kiganja cha mtu mwingine.

Kuna gharama, na wanaoendesha vinu vya namna hii wataiona mara moja. Kutazama makomeo 30 kunachukua saa za watu ambao wangeweza kuwa wanafanya jingine, na kila chombo kinachoshushwa tangini ni chombo kinachoweza kudondoka humo. Kisanduku cha plastiki cha Idaho nacho kiliwekwa majini ili watu waone vizuri. Kwa hiyo kamera inahesabiwa ikiingia na inahesabiwa ikitoka, pamoja na kebo, kibano na kila skrubu yake, kabla tundu halijazibwa.

Machi 2023 kinu kiliwashwa tena, kwa nguvu ndogo kwanza. Fueli ilikuwa imepangwa, makomeo 30 yameshatazamwa moja baada ya jingine na picha zake kuhifadhiwa. Pampu ziliwashwa kabla ya mikono ya kudhibiti kuguswa, maji mazito yakaanza kupanda katikati ya mabamba, na elementi zote zikabaki chini.